Kupima kama mlima unafaa kulisha kondoo: mwongozo kwa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa Aprili hakuna mlima usiofaa kwa kondoo. Kuanzia Umalila hadi Uporoto, kuanzia Makete hadi Mufindi, nyasi zimefika magotini, vijito vimejaa, na ukisimama juu ya kilima unaona chakula cha kundi la mia. Rudi Oktoba: kilima kilekile kimebaki na mashina makavu, majani laini yameunguzwa na baridi ya Julai, na sehemu kubwa ya eneo ni mteremko ambao kundi likipita juu yake kila siku udongo unaanza kuteleza. Kupima malisho ya mlimani ni kutafuta idadi ya kondoo ambao eneo litawabeba hadi Oktoba bila kuchubuka. Idadi hiyo karibu kila mara ni ndogo kuliko mwenye eneo anavyotarajia, na ni heri aijue kabla hajanunua mifugo.

Vifaa ni vichache: kamba ya mita 10 isiyovutika, fito mbili zilizonyooka (moja iwe na alama za sentimita), fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 ya nondo nyembamba au mbao, mkasi wa kukatia majani au mundu mdogo mkali, mifuko ya karatasi, mizani ya jikoni inayosoma gramu, ndoo ya lita 20, simu yenye GPS, na daftari. Kwa eneo la hekta 20 hadi 30 watu wawili wanamaliza kazi ya uwandani ndani ya siku tatu. Kazi hiyo ifanyike mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa mvua (mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei), na mwishoni mwa kiangazi (Oktoba, kabla mvua hazijaanza).

Kwanza: je, eneo linaruhusiwa kulishwa?

Hatua hii inarukwa sana, kisha inagharimu kundi zima. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo haichungwi, hata kama mpaka wake unapita nyuma ya shamba lako na nyasi za upande wa pili ni nzuri zaidi. Vivyo hivyo Pori la Akiba Mpanga/Kipengere na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe. Misitu ya akiba ya serikali na ya vijiji ina masharti yake. Uliza kabla, usisubiri kukamatwa.

Kwa ardhi ya kijiji, nenda kwa mtendaji wa kijiji uone mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 zinakipa kijiji mamlaka ya kutenga eneo la malisho, na kama kilima chako kimetengwa kuwa chanzo cha maji au cha kupanda miti, vipimo vyote vinavyofuata havina kazi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, ukingo wa mto au ziwa. Kwenye milima yetu yenye chemchemi kila bonde, ukanda huo wa mita 60 unaweza kula sehemu nzuri ya eneo. Utoe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ulizia pia matumizi ya kiangazi. Mabonde yenye unyevu ambayo Mei yanaonekana hayana mwenyewe, Julai yamelimwa vinyungu vya mahindi, maharage na mboga. Kondoo akiingia kwenye kinyungu cha mtu, ugomvi wake hauishi siku moja. Mashamba ya misindano yenye miche michanga nayo yafungwe kabisa: kondoo hupenda kung'ata ncha laini, na mche uliokatwa ncha hupinda.

Pili: gawa mlima kwenye vipande

Usipime mlima kama kitu kimoja. Panda mahali unapoona eneo lote, chora ramani ya mkono, kisha gawa kwa mambo yanayoonekana: sehemu ya juu iliyo tambarare, mteremko wa kati, mteremko mkali, bonde lenye maji, sehemu yenye vichaka. Mlima wa kawaida hutoa vipande vitatu hadi sita. Kila kipande kipimwe peke yake mpaka mwisho.

Ukubwa upime kwa kuzunguka mpaka ukiwa na programu ya GPS kwenye simu. Ekari ya hatua 70 kwa 70 tuliyoizoea shambani inadanganya hapa. Hatua ya mtu anayepanda mlima ni fupi. Ikiwa sentimita 75, ile ekari ya hatua ni kama theluthi mbili tu ya ekari halisi. Ukihesabu mifugo kwa ekari hizo umeshaongeza kondoo wasio na chakula kabla hujakata jani moja.

Andika pia kila kipande kinatazama wapi. Juni na Julai jua letu liko kaskazini, kwa hiyo miteremko inayotazama kaskazini hupata jua zaidi na nyasi zake hukauka mapema, lakini asubuhi ni za joto zaidi kwa wanakondoo. Miteremko ya kusini na mashariki inayopokea hewa ya Ziwa Nyasa hubaki na ukungu na unyevu hata katikati ya kiangazi. Hewa baridi hushuka usiku na kulala mabondeni, hivyo jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, huanzia chini. Uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, huipata kati ya Juni na Agosti. Banda la usiku lijengwe katikati ya mteremko, kamwe lisijengwe kwenye sakafu ya bonde.

Tatu: pima mteremko

Mmoja asimame juu ashike ncha ya kamba ardhini, mwingine ashuke mpaka kamba ya mita 10 inyooke, akiwa amesimamisha fito yenye alama. Kamba ivutwe iwe sawa na usawa wa maji. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji nusu na kuning'inizwa ikiwa imelala katikati ya kamba inatosha kuonyesha kama imelala sawa. Soma kamba imegusa fito kwenye kimo gani. Ikiwa mita 2, mteremko ni asilimia 20. Mita 4, asilimia 40. Fito fupi isikusumbue: kwenye mteremko mkali tumia kamba ya mita 5 na uzidishe mara mbili.

Pima sehemu tano kwa kila kipande na uchukue wastani. Kipande kikiwa na kipimo kimoja cha 15 na kingine cha 50, maana yake hukukigawa vizuri, kikate viwili.

Kondoo hupanda vizuri kuliko ng'ombe, na hapo ndipo watu wanapokosea: wanafikiri mteremko wowote anaoweza kusimama kondoo ni malisho. Kwato zake ni ndogo na kali, na hupenda kufuata njia ileile kila siku kwa mstari. Njia hizo zikikata mteremko, mvua ya Januari inazigeuza mifereji. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi na hunywa maji vizuri mradi zulia la nyasi liko juu yake. Likichanika, huondoka haraka, kwa maji wakati wa masika na kwa upepo wakati wa kiangazi.

Nne: alama mia moja

Hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko gharama yake. Weka alama ndogo kwenye ncha ya kiatu. Tembea kwa mstari ukikatiza kipande, na kila hatua mbili andika kitu kilicho chini ya alama: nyasi nzuri, nyasi mbaya, mmea wa majani mapana unaoliwa, gugu, jiwe, majani makavu yaliyolala, au udongo wazi. Fika alama 100. Hesabu ya kila aina ni asilimia yake moja kwa moja. Fanya mistari mitatu kwa kila kipande. Usichague pa kukanyaga. Macho yakivutwa na sehemu nzuri, mguu hufuata.

Nyasi nzuri kwa kondoo ni fupi na zenye majani mengi: nyasi za kikuyu zilizotambaa, Themeda triandra ikiwa bado changa, Setaria, na klova pori zinazojificha chini ya nyasi kwenye maeneo ya juu yenye unyevu. Nyasi mbaya ni zile ndefu za kuezekea (Hyparrhenia) zikishapita kimo cha goti, na nyasi za nyuzi ngumu ambazo ukizivuta hazikatiki. Panua nyasi kwa mikono miwili uangalie shinani. Kukiwa na rangi ya kijani karibu na ardhi, kondoo ana cha kula. Kukiwa na mashina ya kahawia tupu chini ya ncha za kijani, uzuri uko juu tu.

Magugu yaandikwe kwa jina. La kuogopa zaidi huku ni kangaga wa milimani (Pteridium aquilinum), mwenye majani kama unyoya, anayeota mahali palipochomwa moto mara kwa mara au palipolimwa na kuachwa. Ana sumu, kondoo akimla kwa miezi mingi anaweza kupofuka, na humla pale nyasi zinapokosekana. Lantana nayo huharibu ini. Kangaga akizidi alama 10 katika 100, kipande hicho kishughulikiwe kwanza: mfyeke mara mbili kwa msimu, machipukizi yakifika kimo cha goti, kwa miaka miwili au mitatu. Moto humwongeza, kwa kuwa mizizi yake imelala ndani ya udongo.

Katika kutembea huko angalia pia dalili za udongo kuondoka: vishina vya nyasi vilivyobaki juu ya vichuguu vidogo, mizizi iliyo wazi, mchanga uliorundikana upande wa juu wa mawe na vishina, mifereji ya upana wa kiganja. Dalili mbili au zaidi kwenye kipande kimoja zinakishusha daraja, hata nyasi zikiwa nyingi.

Tano: kata, kausha, pima

Eneo ambalo tayari linachungwa lazima liwekewe vizimba Novemba, mvua zinapoanza: fito nne na matawi ya miiba kuzunguka mita moja na nusu kwa moja na nusu, ili Mei ukate nyasi ambazo hazijaguswa. Eneo lisilochungwa halihitaji vizimba.

Kwa kila kipande kata fremu 20. Tembea kwa mstari na kila baada ya hatua 20 weka fremu mbele ya kidole cha mguu, popote paangukiapo, hata kama ni juu ya jiwe. Fremu yenye jiwe tupu inaandikwa sifuri na inahesabika. Kata kila kitu kilichoota ndani ya fremu, ukiacha sentimita 3 juu ya ardhi. Ondoa udongo na majani yaliyooza. Usikate asubuhi na umande, wala baada ya mvua: maji yaliyoshikwa na nyasi yataozesha mfuko kabla hujafika nyumbani.

Kukausha ndiko kunakoshinda wengi. Juani huchukua siku tatu hadi tano. Kwenye ukungu wa Makete au Rungwe, tundika mifuko ikiwa wazi juu ya jiko, mbali na moto. Pima kila siku, na uzito usipobadilika kwa siku mbili mfululizo, nyasi zimekauka. Bado zina unyevu kidogo, kwa hiyo zidisha uzito kwa 0.9. Kisha hesabu ni rahisi: fremu 20 za sentimita 50 zinafanya mita za mraba 5, hivyo jumla ya gramu za fremu zote 20, ukizidisha kwa 2, ni kilo za malisho makavu kwa hekta. Mizani ikisoma gramu 1,330, mara 0.9 ni kama 1,200. Mara 2 ni kilo 2,400 kwa hekta.

Kabla ya kukausha, chukua mifuko mitano na uchambue kila mmoja kwenye mafungu mawili: kinacholiwa na kondoo na kisicholiwa. Huna uhakika? Leta kondoo watano wenye njaa ya kawaida kwenye kipande hicho, wafuate kwa saa mbili asubuhi, uandike wanachong'ata na wanachokiruka. Ni shule nzuri kuliko kitabu chochote cha mimea. Fungu linaloliwa huwa asilimia 50 hadi 75 kwenye nyanda za juu zilizotunzwa, na linaweza kushuka chini ya 40 penye nyasi ndefu na vichaka.

Usipime eneo lililochomwa moto ndani ya wiki sita. Machipukizi ya baada ya moto ni kijani kibichi cha kuvutia, kondoo wanayakimbilia, lakini ukiyakausha uzito wake ni kiganja cha mkono. Kondoo, ambaye hukata karibu kabisa na ardhi kuliko ng'ombe, akiachiwa machipukizi hayo anamaliza akiba ya shina, na mwaka unaofuata pale panaota kangaga.

Sita: maji

Kwenye milima hii wingi wa maji si tatizo kwa kawaida. Kondoo mkubwa katika baridi yetu hunywa lita 2 hadi 5 kwa siku, anayenyonyesha zaidi kidogo. Kundi la 30 halizidi lita 150. Pima chemchemi Oktoba: ikijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40, inatoa lita 1,800 kwa saa, na hapo umetosheka mara nyingi.

Tatizo ni njia. Pima umbali wa kutembea kwa miguu, sio wa kuruka kama ndege. Kushuka korongo na kupanda tena kunaweza kufanya mita 400 za ramani kuwa kilomita na nusu. Kila kushuka kwa kundi kunakata ukingo. Suluhisho ni kuvuta maji kwa bomba kutoka kwenye chemchemi hadi kwenye birika lililo nje ya ule ukanda wa mita 60, kwenye ardhi yenye changarawe kuzunguka pande zote. Hilo linamaliza jambo la pili pia: minyoo bapa ya ini. Konokono wanaoisambaza wanaishi kwenye tope na maji yanayotembea polepole, na kondoo anayekula nyasi za ukingoni humeza mabuu yaliyojishikiza kwenye majani. Chunguza kingo za kila kisima na kinamasi: konokono wadogo wenye umbo la parafujo, wa milimita chache tu, wakiwepo, kipande hicho kifungwe au kitumiwe pamoja na ratiba ya dawa uliyoelekezwa na daktari wa mifugo. Uliza pia machinjio ya jirani maini mangapi yanatupwa. Jibu lao ni kipimo cha bure.

Ardhi inayotota kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo huleta kuoza kwato. Kisigino cha buti kikizama na kujaa maji mwezi wa Mei, paandike pabaya kwa masika.

Saba: toa daraja

Mfumo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa tathmini ya ardhi, uliotoka 1976, unagawa ardhi kuanzia inayofaa sana hadi isiyofaa, na tunautumia hapa kwa herufi. Mipaka ifuatayo ni ya kazi, kwa kondoo wetu wa asili wa kilo 30 hadi 40. Ikaze kama udongo wako ni dhaifu.

Daraja A: mteremko chini ya asilimia 20, udongo wazi chini ya 15, maji ndani ya kilomita 1, malisho yanayoliwa zaidi ya kilo 1,500 kwa hekta.
Daraja B: mteremko 20 hadi 40, udongo wazi 15 hadi 30, maji kilomita 1 hadi 2, malisho kilo 800 hadi 1,500.
Daraja C: mteremko 40 hadi 60, udongo wazi 30 hadi 45, maji kilomita 2 hadi 3, malisho kilo 400 hadi 800. Lichungwe kiangazi tu.
Daraja D: kilicho kibaya kuliko hapo. Halichungwi.

Kipande kinapewa daraja la kipimo chake kibaya kuliko vyote. Usifanye wastani. Nyasi nyingi hazifidii mteremko wa asilimia 65, na maji ya karibu hayafidii udongo ulio wazi nusu. Wanaofanya wastani ndio wanaojikuta na makorongo baada ya masika mawili.

Kiasi cha kula kinategemea daraja: kwenye A kondoo wale nusu ya malisho yanayofaa, kwenye B asilimia 35, kwenye C asilimia 20, kwenye D sifuri. Kinachobaki si hasara. Ndicho kinachoshika udongo na kuchipua mvua zikirudi.

Nane: hesabu ya kundi

Chukua eneo la hekta 24 lenye vipande vitatu. Juu ni tambarare ya hekta 10 yenye kilo 2,400 kwa hekta, asilimia 70 inaliwa, daraja A. Katikati ni hekta 9 zenye mteremko wa asilimia 32, kilo 1,800 kwa hekta, asilimia 60 inaliwa, daraja B. Chini yake ni hekta 5 zenye mteremko wa asilimia 65 na kilo 1,500 kwa hekta, daraja D.

Kondoo wa kilo 35 anakula malisho makavu karibu asilimia 3 ya uzito wake, tuseme kilo 1.1 kwa siku, sawa na kilo 400 kwa mwaka. Anayejumlisha nyasi zote anapata kilo 47,700 na kundi la 119. Anayefuata daraja anapata hivi:

Kipande cha juu: 10 × 2,400 × 0.7 × 0.5 = kilo 8,400.
Kipande cha kati: 9 × 1,800 × 0.6 × 0.35 = kilo 3,402.
Kipande cha chini: sifuri.

Jumla kilo 11,802, ambazo ni kondoo 29. Na bado hatujafika kiangazi. Kati ya Juni na Oktoba nyasi zilizosimama hupoteza majani kwa jalidi, upepo na kukanyagwa. Tukikadiria kwamba theluthi moja inapotea, kila kondoo anahitaji uweke akiba kilo 248 Mei ili ale 165 ndani ya siku 150. Siku 215 za masika anakula kilo 237. Jumla 485 kwa kondoo, na idadi inashuka hadi 24. Hapo utalazimika kufunga hekta 7 za tambarare kuanzia Februari ili nyasi ziingie kiangazi zikiwa bado na majani.

Anayetaka kubaki na 29 anunue au avune hei (majani yaliyokaushwa) ya kondoo tisa kwa miezi mitano, kwa kuwa watano wa ziada hula pia akiba wakati wa masika: marobota 100 hivi ya kilo 15. Mbegu za malisho na ushauri wa aina zinazostahimili baridi vinapatikana TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania) Uyole. Mabua ya mahindi na maganda ya maharage yanasaidia. Majani mabichi ya viazi mviringo yaache, yana sumu, na mara nyingi yamepuliziwa dawa ya ukungu wiki iliyopita.

Ubora nao uingie kwenye hesabu. Protini kwenye nyasi ikishuka chini ya asilimia 7, kama inavyokuwa kwa nyasi kavu za Septemba, vijidudu vya tumbo vinakosa nguvu na kondoo hula kidogo hata akiwa amezungukwa na chakula. Ndiyo maana kipimo cha Oktoba ni lazima: ukikuta nyasi nyingi zimesimama na kondoo wamekonda, shida ni ubora, na dawa yake ni hei ya mikunde kidogo kila jioni, desmodiamu kwa mfano. Usiongeze eneo.

Hao 24 ni kondoo wakubwa wa hesabu. Jike na mwanawe wahesabu 1.4, dume 1.2, kondoo mchanga aliyeachishwa 0.7. Majike 15 na watoto wao, dume mmoja na wachanga wawili wanafikia 23.6, na eneo limejaa.

Mambo ya mwisho ya kuandika kwenye daftari

Hayabadilishi daraja lakini yanaua. Upepo na mvua baridi ya Februari vinamaliza wanakondoo wa siku tatu za kwanza. Kila kipande cha masika kiwe na kinga, kichaka au ukuta wa korongo, ndani ya mita 300. Mimba ni miezi mitano, kwa hiyo dume akiachiwa Juni, wanazaliwa Novemba, nyasi zikichipua na kabla ukungu mzito haujaanza. Andika njia za fisi, chui na hasa mbwa wanaozurura karibu na vijiji, na uulize jirani anapoteza wangapi.

Chumvi iwekwe mbali na maji, juu ya mteremko, ili kundi litawanyike. Jiwe la chumvi liwe la kondoo: madini ya ng'ombe yana shaba nyingi, na shaba hujilimbikiza kwenye ini la kondoo mpaka siku moja unamkuta amekufa, utando wa macho umekuwa wa manjano na mkojo mwekundu.

Piga picha ya kila kipande kutoka kwenye kigingi kilekile, Mei na Oktoba, simu ikielekea upande uleule. Rudia zile alama mia kila Oktoba. Udongo wazi ukiongezeka kwa alama 5 kati ya Oktoba mbili, punguza kundi kwa moja ya tano kabla ya mvua, kwa kuuza kwanza madume yaliyokomaa na majike yaliyokosa mimba.